Mkanda ukiungua, utamwambia nini mwenye harusi?

Siku hizi vijana wamerudi kwenye kamera za mkanda, nawaona wanafukua Pentax na Zenit za babu zao kabatini, wananunua mkanda mmoja kwa bei ya kuumiza, halafu wakijua mi nilikuwa mtu wa chumba cha giza, kazi ya kusafisha mikanda na kutoa picha, wanakuja na maswali, na karibu wote wanaanza na lenzi, lenzi gani kali, mkanda gani unatoa picha nzuri. Hamna aliyewahi kuniuliza mkanda ukiungua, yaani ukiharibika picha zisitoke, anamwambia nini mwenye harusi. Na hilo ndo swali la kazi hii, hayo mengine utayasoma kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Maana ukipiga kwa simu kosa unaliona hapo hapo, unafuta, unapiga tena. Kwenye mkanda kosa unalifanya Jumamosi mchana watu wamependeza, unakuja kuliona Jumapili usiku uko peke yako na mikono inanuka dawa, na saa hizo maharusi wameshavua, wageni wameshapanda mabasi, keki imeliwa. Hakuna kurudia. Ndo maana nasema aibu ya kazi hii inakuja imechelewa, na ikifika unakuta hasara sio yako tena, ni ya mtu aliyekuamini.

Nilijifunzia Tanga, pale Ngamiani, miaka ya themanini mwishoni, kwenye studio ndogo ya mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi na sisi tukamwita hivyo hivyo. Mikanda ya rangi tulikuwa tunaipeleka Dar kwa basi, lakini nyeusi na nyeupe tulisafisha wenyewe, picha za pasipoti, za vitambulisho, za shule, na harusi za watu ambao bei ya rangi iliwashinda. Dawa ya kwanza ni divelopa, yetu ilikuwa D-76, ile ya unga unakoroga na maji, halafu fiksa, halafu maji. Karatasi tunachopata ndo tunachotumia.

Harusi ya kwanza niliyotumwa peke yangu ilikuwa Muheza. Nilipewa Pentax K1000, kamera ambayo haina mambo mengi, unaingiza ulimi wa mkanda kwenye ufa wa spuli, kile kigurudumu kinachouvuta mkanda, unavuta mkono wa pembeni, unafunga mgongo, unaanza kazi. Sasa ulimi wangu haukushika vizuri, ukachomoka nilipofunga, na mi sikuangalia. Nikapiga weee, ndoa, kushikana mikono kwenye mkeka, mashangazi na kanga zao za sare, baba wa bibi harusi na wazee wa msikitini, mpaka nikashangaa mkanda hauishi. Hapo ndo palikuwa pa kushtuka, maana mkanda wa picha 36 ukiisha ule mkono unagoma, unakaza kabisa, na wangu ulikuwa unaenda tu laini. Mi nikadhani nimepata ule mkanda wenye mbili tatu za ziada, nikaendelea kupiga.

Usiku tukasafisha. Nikauchomoa mkanda kwenye tanki, kile chombo cha kusafishia kisichopitisha mwanga, mweupe, unaona ng'ambo kama hujaweka kitu. Nikaanza kulaumu dawa. Fundi akauchukua, wala hakuangalia katikati, akausogeza kwenye balbu akaangalia kingo. Akasema, "Kijana, herufi zipo. Namba zipo. Dawa haina kosa. Kosa liko huku," akagusa kamera.

Hicho ndo kitu cha kwanza namfundisha mtu yeyote mpaka leo. Kwenye kingo za mkanda, kule kwenye matundu, kiwandani wanachapa jina la kampuni na namba za picha kwa mwanga, kwa hiyo ukiweka mkanda kwenye divelopa yale maandishi yanatokea yenyewe hata kama hujapiga chochote. Ukikuta mkanda mweupe lakini maandishi yapo, ujue dawa imefanya kazi yake ila mwanga wa kamera haukuingia, ama mkanda haukusogea ama shata, lile pazia la ndani ya kamera, haikufunguka ama ulisahau kifuniko cha lenzi. Ukikuta mweupe na maandishi hayapo, kosa ni la dawa. Ukikuta mweusi wote mpaka kwenye kingo na matundu, mwanga uliingia pasipotakiwa, mgongo ulifunguliwa au tanki halikufungwa. Yaani mkanda wenyewe unakwambia nani alikosea, ukijua kuusoma huna haja ya kugombana na mtu. Na wakati wa kupiga angalia kile kitufe cha kushoto cha kurudishia mkanda, ukivuta mkono nacho lazima kizunguke, kisipozunguka simama hapo hapo, hata kama shehe anafungisha ndoa.

Asubuhi yake Fundi hakunipigia kelele, alinipa nauli. Akasema nenda Muheza kabla hawajaja huku. Nikafika nyumbani kwa yule mzee, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatabasamu akiniangalia mkononi, anatafuta bahasha. Nikamwambia. Akakaa kimya, halafu akauliza, "Hata moja?" Nikasema hata moja mzee. Hakunitukana. Aliita wanawake waliokuwa uani wanasugua masufuria ya shughuli, wakaja na mama wa bibi harusi mbele, akasema hebu rudia na hawa wasikie kwa mdomo wako. Nikarudia. Aisee, mpaka leo nakumbuka yule mama alivyokuwa anajifuta majivu mikononi kwa upande wa khanga na hasemi kitu.

Tulirudisha hela yote na Fundi akawaita maharusi studio wavae tena tukawapiga bure, zikatoka nzuri tu, ila wazee waliotoka Korogwe walikuwa wameshaondoka na wale hawakupatikana tena. Lakini kuna jambo nililiona hapo. Ile familia iliendelea kuleta kazi kwetu. Wenzetu mtaani waliokuwa wanaficha, wanasema mashine imeharibika njoo wiki ijayo njoo wiki ijayo, hao walipoteza watu. Mteja anaweza kumeza hasara, ila kuzungushwa hakumezi.

Mkanda mweupe usio na herufi nao niliupata, baadaye. Dawa zetu zilikaa kwenye chupa za bia za rangi ya kahawia, kwa sababu mwanga unachosha divelopa, na chupa zote zinafanana, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika nafanya kwa mshumaa. Nikamimina fiksa kwanza. Kwa asiyejua, picha ikishapigwa iko kwenye mkanda lakini haionekani, divelopa ndo inaigeuza kuwa weusi, na fiksa kazi yake ni kuondoa ile sehemu ya dawa ya mkanda ambayo haikugeuzwa. Ukitanguliza fiksa inaondoa yote. Picha zilikuwepo kabisa, zilipigwa vizuri, na mi nikazimwaga na maji. Zilikuwa za shule moja ya msingi, darasa la saba, kitu cha kwenye vyeti, ikabidi twende tuwapige upya watoto wote na mwalimu mkuu alinisema mbele yao kisawasawa, na alikuwa na haki.

Kuanzia hapo chupa ya fiksa tuliifunga mpira wa baiskeli shingoni, ukishika tu hata gizani mkono unajua. Na kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu, ule ulimi wa mkanda unaoukata wakati wa kupakia usiutupe, chovya kipande chake kwenye chupa kabla hujaanza. Ulimi ulishapigwa na mwanga, kwa hiyo kwenye divelopa unageuka mweusi, kwenye fiksa unang'aa unakuwa kama kioo. Unachukua dakika chache tu unakuwa na uhakika. Kipande hicho hicho kinakupimia fiksa imechoka kiasi gani, fiksa mpya hesabu inang'arisha kwa muda gani, siku ukiona inachukua mara mbili ya huo muda, mwaga, usiihurumie hela yako.

Joto sasa. Vitabu vyote vya kusafisha vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, D-76 wanakwambia nyuzi 20, na Tanga mwezi wa pili maji ya bomba yanatoka karibu nyuzi 30. Kwenye joto hilo divelopa inakimbia, ukipunguza muda ukashuka chini ya dakika tano picha inatoka na mawimbi, anga lina mabaka kwa sababu dawa haikupata muda wa kuenea sawasawa. Basi tukawa tunatumia barafu. Kosa langu la kwanza niliitumbukiza ndani ya dawa yenyewe, ikayeyuka ikaizimua, negativu, yaani picha za kwenye mkanda uliosafishwa, zikatoka hafifu hazina nguvu. Barafu inakaa nje, kwenye beseni, chombo cha dawa unakisimamisha katikati. Nikajirekebisha nikajiona nimejua, nikapoza divelopa vizuri mpaka nyuzi 20, halafu nikaja kuosha mkanda kwa maji ya bomba yale yale ya moto. Ule upande wenye dawa umevimba umelainika, ukitoka kwenye baridi ukaingia kwenye joto ghafla unapasukapasuka, ukikuza picha uso wa mtu una nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Yule alikuwa bibi wa watu amekuja kupiga picha awaachie wajukuu. Kinachotakiwa vyote viwe joto moja au karibu, divelopa, maji ya kati, fiksa, maji ya kuoshea. Ni heri vyote viwe nyuzi 24 ukapunguza muda kidogo kuliko kimoja 20 kingine 30.

Kuhusu joto kuna kisa maarufu cha Robert Capa, yule mpiga picha wa vita aliyetua na wanajeshi wa Marekani pwani ya Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Kwa miaka karibu 70 dunia ilisimuliwa kwamba kijana wa maabara kule London alizidisha moto kwenye kabati la kukaushia kwa haraka ya kuwahi gazeti, mikanda ikayeyuka, zikabaki picha kama 11 tu. Baadaye watu wakaja kuchunguza wakasema haiwezekani, kabati lile lisingeweza kuyeyusha mkanda namna hiyo, na yawezekana zilizobaki ndo zilizopigwa. Mi nikisoma habari hiyo simfikirii Capa, namfikiria yule kijana. Amebeba lawama miaka yote hiyo, na labda kama kuna mtu angeuangalia ule mkanda kwa utulivu badala ya kumtafuta wa kumlaumu, angeachwa apumue.

Taa nyekundu nayo imeliza wengi. Watu wameona kwenye filamu za sinema fundi anafanya kazi chini ya taa nyekundu wakadhani ni ya kazi zote, hapana, ile ni ya karatasi za kuprintia ambazo wekundu haziuoni. Mkanda wa kawaida unaona rangi zote, unahitaji giza la kushika ukutani. Mwenzangu mmoja alifungua mkanda wa mteja chini ya taa nyekundu anaupakia kwenye rili, lile gurudumu linaloingia ndani ya tanki, taratibu anauangalia vizuri kabisa, ukatoka mweusi tii. Fanya mazoezi na mkanda ulioharibika, kwanza macho wazi, halafu macho umefumba, halafu ndani ya giza, mpaka vidole vijue. Na rili iwe kavu, ikiwa na unyevu mkanda unanata katikati ya safari, unalazimisha, unajikunja, na pale unapokunjika unaacha alama ya mwezi mchanga kwenye picha, na mikunjo miwili ikigusana dawa haipiti, panabaki papo hapo pameziba.

Kuna kosa jingine linafanywa na watu wazoefu kabisa, la kurudisha mkanda na kuacha ulimi wake nje. Mkanda uliopigwa na mpya unafanana, ukiwa na haraka unaupakia tena. Mimi nilipata watoto wa kipaimara wamesimama juu ya harusi ya watu wengine, nyuso mbili kwenye kila picha, na familia mbili za kuziomba radhi badala ya moja. Ukimaliza mkanda zungusha mpaka ulimi wote uingie ndani, basi, shida imeisha.

Pasipoti pia. Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, na kwenye mashine ya kukuzia ule uliofifia ndo unaangalia chini kwenye karatasi. Ukigeuza picha inatoka safi tu, ila kushoto kumekuwa kulia. Kwenye harusi hamna atakayejua haraka, lakini kuna baba mmoja alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, nikamprintia likahamia kulia, akapeleka ofisini, wakamwangalia, wakaangalia picha, wakamwambia huyu sio wewe. Alikuwa ametoka mbali na siku ikawa imempotea. Alirudi amekasirika na mi nikabishana naye kwanza, nikamwambia picha ndo hiyo hiyo, mpaka aliposhika kovu lake kwa kidole nikanyamaza. Kubishana kule kunaniuma kuliko kosa lenyewe. Toka hapo kabla ya kuprinti sura ya mtu naangalia kitu kimoja cha upande, saa, vifungo vya shati, herufi, ndo nawasha taa.

Lakini linalonikaa moyoni mpaka leo ni la kuosha. Karatasi tulizokuwa nazo nyingi zilikuwa zile za nyuzi, sio hizi zenye plastiki, na karatasi ya nyuzi inakunywa fiksa mpaka ndani, kuitoa unahitaji maji yanayotembea kwa saa nzima hivi. Maji yakiwa ya shida mtu anasuuza haraka haraka anabandika kwenye bati la kung'arishia, picha inatoka inang'aa, mteja anafurahi, analipa. Kesho nzuri, mwezi ujao nzuri. Ile fiksa iliyobaki inakula polepole, na baada ya muda picha inaanza njano, halafu kahawia, halafu sura inayeyuka.

Miaka imepita, nikaenda msibani kwa watu ninaowafahamu kidogo, mtaa wa jirani. Sebuleni wametoa picha ya marehemu wameiegemeza kwenye meza, amevaa suti, kijana. Nikaijua mara moja, ni kazi yangu. Imeiva njano upande mmoja wote mpaka shavuni, na chini kwenye koti jeusi kuna alama nyeupe ya dole gumba. Hiyo alama naijua ilivyotokea, kidole kilikuwa na fiksa nikashika karatasi kabla haijaingia kwenye divelopa, pale niliposhika picha haikutoka. Wakati ule nilipoiona niliipaka wino nikaifunika nikampa mteja bila kumwambia. Wino ulifutika, dole langu likabaki. Watu wanapita wanatoa pole mbele ya ile picha na hamna anayejua ni dole la nani, na mimi nimekaa pale kwenye mkeka najua.

Baada ya arobaini nikamfuata mjane, nikamweleza yote, la kuosha na la wino. Akaniuliza, "Kwa hiyo inaweza kutengenezwa?" Hakutaka habari za fiksa, alitaka sura ya mume wake. Bahati Fundi alikuwa mtu wa kutunza, negativu zote kwenye bahasha, tarehe na jina juu, na alipofunga studio zile bahasha zilikuja kwangu. Niliitafuta nikaipata. Nikaprinti upya, fiksa kwenye trei mbili, ya kwanza ya zamani kidogo ya pili mpya, nikaiosha kwa ndoo, namwaga nabadilisha, namwaga nabadilisha, kila maji nayaacha yakae kidogo yanywe kilichomo. Nikampelekea na ile ya zamani nikamwachia pia, kwa sababu alisema ndo aliyoizoea.

Tangu hapo nimekuwa napita nyumbani kwa watu niliowapiga, nikiwajua, nawauliza picha zenu zikoje, zimegeuka rangi? Zikigeuka naitafuta negativu. Ambazo negativu ipo nyingi zinaokoleka, maana negativu iliyooshwa vizuri inadumu kuliko karatasi iliyosuuzwa haraka haraka. Na nyie wenye mikanda ya wazazi kwenye makabati, fungueni mnuse. Mikanda mingi ya zamani imetengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, na joto na unyevu wa pwani unaichosha, inaanza kunuka siki, halafu inajikunja na kusinyaa, na ule mvuke wa siki unaharakisha kuharibika kwa iliyo karibu nayo. Itoeni kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa, iwekeni kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu penye hewa, inayonuka ikae mbali na ile nzima. Na hiyo inayonuka ndo ianze kupelekwa kwa mtu wa kuiskani, msianze na ile mnayoipenda.